Vipimo vya Deraya

Gerezani nyundo huamka kabla ya saa moja:
majiko, mageti, mabomba, mifuniko ya mapipa,
na huku nyuma ya kibanda cha Pazi mchomeleaji
niko mimi, na nondo ya milimita nane, na rola ya seng'enge.

Nauzungusha waya kwenye nondo mpaka uwe springi,
nakata kwa koleo, ti, ti, ti,
pete zinadondoka kwenye kopo la rangi.
Pete moja hushika nne. Nne zikishika wenzao
unaanza kuona kitambaa, kizito kama deni.
Fulana moja ni pete elfu kumi na moja.
Nilizihesabu mara moja. Sirudii.

"Mwanakombo, vita iko wapi?"
Iko Kijichi, Jumapili saa kumi, uwanja wa nyuma ya shule.
Ngome ni maturubai mawili, mfalme ni mhasibu,
panga ni bomba la plastiki lililovishwa sponji.
Pazi akacheka mpaka akavua miwani ya kuchomelea,
halafu akanisogezea kipande cha pipa kwa mguu:
"Haya, kichwa cha mfalme hicho. Usinilipe."

Kwa koti la ndani nilinunua marekani jora zima, Mtaa wa Kongo.
Muuzaji akapima kimya, akapunguza bei,
akanipa pole. Nilishindwa kumwambia.
Ndani nimejaza pamba ya godoro kuukuu,
na nimeacha matundu, maana kwa joto la Februari
jasho litatuua kabla ya upanga.

Wanakuja kupimwa jioni, wametoka kazini,
vitambulisho bado vinaning'inia shingoni.
Na utepe wangu umejifunza jambo:
kila mtu huomba chuma zaidi mahali fulani
na hasemi kwa nini.
Mfalme wetu, Chuwa: "Ongeza hapa kooni."
Zamoyoni, muuguzi wa zamu ya usiku, alitaka mikono,
mikono tu, mpaka kwenye kucha.
Na Bwana Lukindo, aliyeondolewa bandarini
kwa barua ya mistari miwili baada ya miaka ishirini na sita,
akageuka, akanipa mgongo.
"Tabaka tatu."
"Lakini adui anatokea mbele, Bwana Lukindo."
"Wewe unganisha."
Nikaunganisha. Vidole vikatoka malengelenge.

Jumapili, mfalme alikufa mapema, akaomba maji akiwa maiti.
Watoto wauza ubuyu walishangilia pande zote mbili.
Vumbi, filimbi, chapeo yangu ikalia kama sufuria iliyoanguka,
na mimi, Mungu anisamehe, niliona fahari.

Lukindo alipigwa mgongoni.
Nilimwona akisimama palepale, kana kwamba ameitwa jina.
Akageuka polepole, deraya ikichakarika,
akamkuta mtoto wa darasa la sita
mwenye ngao ya mfuniko wa ndoo,
naye mtoto ameshaanza kutetemeka, anataka kukimbia.
Mzee akamtazama. Akaangalia ule upanga wa sponji.
Kisha akacheka,
kicheko kirefu chenye kutu, cha mlango
ambao wenye nyumba walidhani umeshaganda.
Akaanguka chali, kwa heshima zote, akafa vizuri sana.

Jumatatu asubuhi alinikuta na koleo mkononi.
Akaweka ule mzigo juu ya meza.
"Punguza tabaka moja," alisema. "Nzito."
Hakuongeza neno, nami sikumchokonoa.
Nilikaa siku nzima nikifungua nilichofunga,
ti, ti, pete moja baada ya nyingine,
nikazitia kwenye kopo lake peke yake.

Za kuniziba mimi zingetosha.
Deraya yangu ina mwaka wa pili sasa na bado ina tundu
chini ya kwapa la kushoto, upana wa kiganja.
Wakiuliza, nawaambia
ni la kupitisha upepo.